Peponi ya Gurnah: nimeimaliza, naisifu, na bado nina kinyongo nayo

Karani wa Mizani (Lindi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu na nitafichua mwisho wa kitabu. Ambaye hajasoma na hataki kuharibiwa utamu apite kwanza, akirudi atatukuta hapahapa.

Nimemaliza Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Kwa Kiswahili imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, baada ya mzee kushapewa Nobel ya 2021. Yaani Mzanzibari kaandika habari za pwani yetu na bara yetu, halafu sisi tumekaa karibu miaka thelathini kabla ya kuisoma kwa lugha ambayo wahusika wenyewe wangekuwa wanaisema. Lakini hilo tuliache, lina uzi wake.

Langu ni hili: kila anayeniuliza namwambia kisome. Mimi mwenyewe sijui kama nakipenda. Nimekiweka juu ya kabati, kila nikikiona naudhika.

Kwa wasiosoma lakini wameng'ang'ania kubaki: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji wa bara ambao reli ya Mjerumani imepita, na biashara imemshinda. Kuna tajiri mmoja wa pwani, Aziz, hupita pale na misafara yake, ananukia manukato, akiondoka humwachia mtoto hela. Mtoto anampenda. Siku moja anaambiwa afunge nguo zake, anasafiri na tajiri. Anapanda treni akijua anakwenda kutembea. Amekwenda kulipa deni la baba yake. Anayekuja kumfungua macho ni Khalil, kijana mwenzake wa dukani, naye rehani vilevile.

Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika, msimu wa korosho nasimama mizani. Habari za madeni sikuzisoma kitabuni. Mwezi wa pili, wa tatu, ndani hamna kitu, mtoto anatakiwa shule, anakuja mwenye hela anakupa ya kuvukia, mnakubaliana kwamba korosho za mwezi wa kumi ni zake kwa bei aliyoitaja yeye. Kangomba. Imepigwa marufuku, na kila kijiji wanajua ni nyumba gani inafanyika. Mwaka 2018, serikali iliposema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kuzisomba, kulikuwa na uhakiki wa mashamba ili kangomba wasipenye. Nilimwona mtu mzima anaapa mbele ya watu kwamba mzigo ni wake, na wote tuliokuwepo tulijua si wake. Hakuna aliyesema.

Kwa hiyo baba yake Yusuf hakunishangaza. Nilisoma ukurasa ule wa kuagana, mama anamshika mtoto, baba hamtazami usoni, nikaona ni jambo la kawaida kabisa. Nilivyoona ni la kawaida ndivyo nilivyofunga kitabu, nikaenda kukaa nje.

Hapo ndipo sifa zangu zilipo. Anavyoandika huyu mzee hapigi kelele. Hakuna mahali anakuambia lia. Anakueleza duka, mizani, wateja, masihara ya Khalil, bustani ya tajiri yenye birika na vijito vinne, wewe unacheka, kumbe unasogezwa taratibu.

Sasa kinyongo.

Mimi kwa baba Mmwera wa Nachingwea, kwa mama Myao wa Masasi. Katikati ya kitabu Yusuf anachukuliwa kwenye safari ya bara, chini ya mnyapara Mohammed Abdalla, mtu mbaya kwelikweli. Kurasa kwa kurasa, watu wa pwani wanazungumza juu ya watu wa bara: washenzi, hawana dini, hawana nguo, hawajui thamani ya wanachouza. Najua Gurnah hawaungi mkono. Anawaonyesha walivyokuwa, na mwisho anawavua nguo wao. Ninaelewa kwa akili. Lakini misafara ya Kilwa ilipita huku kwetu kwenda Ziwa Nyasa na kurudi. Waliokuwa wakirudi nao ni akina nani? Na mama yangu akiwa Myao, basi wa kwetu walikuwa ncha zote mbili za kamba, anayevuta na anayevutwa. Kitabu kizima nasafiri na wavutaji, nimelazimishwa kuwapenda, nakula nao, naumwa nao homa, na wale walio upande wa pili nawaona kwa mbali, wanapita.

Isipokuwa Chatu. Sultani huyu aliwahi kudhulumiwa na mfanyabiashara aliyetangulia, basi msafara wa Aziz ulipofika akaukamata wote, mali na watu. Nilisoma nikimshangilia Chatu kimoyomoyo. Kisha anatokea Mzungu na askari wake, anasikiliza kidogo, anatoa amri. Tajiri anarudishiwa sehemu ya vitu vyake lakini si heshima yake, na Chatu anakuwa mtoto mbele ya watu wake. Ni kama kurasa tano tu. Sijasoma mahali popote ukoloni ukielezwa vizuri namna ile.

Na mwisho. Yusuf amerudi pwani, amekuwa kijana mzuri, amempenda Amina, ambaye ni mke wa Aziz. Tunasubiri atafanya nini. Wanakuja askari wa Mjerumani wakikamata watu wa kupeleka jeshini. Khalil na Yusuf wanajifungia dukani. Askari wanaondoka. Yusuf anatoka, anaona mbwa wanakula kinyesi walichoacha askari kambini, na ghafla anakimbia kuufuata ule msafara wa askari. Basi. Kitabu kimekwisha.

Nilipindua ukurasa nikidhani kuna karatasi imechanika.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa huku. Ukitoka Mingoyo kwenda Masasi, upande wa Nyangao, ndiko kulikopiganwa vita ya Mahiwa kati ya Mjerumani na Mwingereza, Oktoba 1917, siku nne. Upande wa Waingereza peke yake walioanguka, kwa kufa na kujeruhiwa, walizidi 2,000, miongoni mwao askari walioletwa kutoka Nigeria. Wapagazi wa pande zote hesabu yao hakuna aliyeitunza vizuri. Na kabla ya hapo vita ya Majimaji, 1905 hadi 1907, iliyoanzia Umatumbi, upande wa Kilwa, askari wale wale wakachoma maghala mpaka njaa ikamaliza watu. Sasa kijana niliyemlea kurasa zote zile anakimbilia kwa hao? Kwa hiari yake?

Nakasirika na Yusuf au na Gurnah, sijui. Mliosoma semeni.

Bandari Kavu (Mtwara)

Mkuu umemaliza kila kitu, sisi tuchangie nini. Swali langu ni moja, kinapatikana wapi huku? Mtwara mjini nimezunguka, maduka ni vitabu vya kiada, madaftari na vitabu vya dini.

Karani wa Mizani

Niliagiza Dar, kikaletwa na basi kama kifurushi. Nauli ya mzigo si kubwa.

Ustadhi wa Mikindani

Assalaam alaykum. Mleta uzi umeeleza vizuri lakini umeruka nguzo ya nyumba. Hiki kitabu ni Surat Yusuf. Kijana mzuri wa sura, kauzwa na walio wake, yuko nyumba ya tajiri, mke mkubwa wa tajiri anamtamani. Bibi Zulekha anamvuta, nguo inachanika kwa nyuma. Kwa nyuma! Mtoto wa madrasa yeyote hapa Mikindani utamwambia hivyo atakumalizia aya: ikichanika mbele mwanamume ndiye mwongo, ikichanika nyuma mwanamke ndiye mwongo. Na ndoto ziko, na bustani yenye vijito vinne, Mwislamu akisoma anajua mito minne ya Peponi inatoka wapi.

Ndiyo maana mimi kinyongo changu ni kikubwa kuliko chako. Qur'ani yenyewe, mwanzo wa sura ile, inaiita simulizi iliyo bora kabisa. Na ubora wake uko wapi? Mwisho. Nabii Yaaqub kapofuka kwa kulia, kanzu inarushwa usoni, macho yanarudi, baba na mwana wanakutana, ndugu wanasamehewa. Gurnah kachukua kisima, kachukua kuuzwa, kachukua fitina ya mwanamke, alipofika kwenye rehema akafunga kitabu. Yusuf wake hakutani tena na baba wala mama. Nilimaliza baada ya Isha, sikupata usingizi, nikaamka nikaisoma sura yote kwa sauti ili niipate ile sehemu iliyokatwa.

Pamoja na hayo nakiri, mazungumzo ya Kalasinga, yule Singasinga fundi magari anayetaka kuitafsiri Qur'ani kwa Kiswahili na Kiarabu hakijui, nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Mwana wa Newala

Naona wote mnalaumu. Mimi nakitetea.

Karani, unasema umelazimishwa kusafiri na wavutaji kamba. Sasa ulitaka nani akueleze namna msafara ulivyokuwa ukienda? Sisi Wamakonde tunajua upande wetu. Wazee walipanda huku juu uwandani ambako maji hakuna, wanawake wakashuka mabondeni na vyombo kichwani vizazi na vizazi, sababu mojawapo ni kuwakwepa watekaji. Hadithi ya aliyejificha tunayo, tumeisikia kwa bibi zetu. Ya aliyekuwa anatafuta watu huko chini, alikula nini, alimwogopa nani, alidaiwa na nani, hiyo hatukuwa nayo. Kule Mikindani Livingstone alianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866, watalii wanaonyeshwa. Boma la Mjerumani la mwaka 1895 limekuwa hoteli, unakunywa soda barazani unatazama bahari. Nani anakwambia juu ya mtu aliyekuwa anaandika hesabu za wale waliopita pale wamefungwa? Gurnah kaniletea huyo mtu, kamkalisha mbele yangu, ana adabu, anasali, anacheka. Nimeogopa zaidi kuliko kama angekuwa na pembe.

Nishangae pia hakuna aliyemtaja Mzee Hamdani, mtunza bustani. Mtumwa wa nyumba ile, anaambiwa amekuwa huru, anakataa. Anasema uhuru si kitu walichokuwa nacho wao hata wampe. Maneno ya mtu mmoja ambaye muda wote anamwagilia miti hasemi.

Karani wa Mizani

Mwana wa Newala, Mzee Hamdani nilimwacha makusudi maana ananichanganya. Umemsoma kama shujaa. Mimi namwona mzee aliyebaki palepale, na tajiri akaendelea kupata bustani yake safi bure. Maneno mazuri, jembe lilelile.

Mwana wa Newala

Angeenda wapi? Kumbuka ni wakati gani. Wajerumani utumwa hawakuufuta hapa, waliamuru tu kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 wawe huru. Kufutwa kwa sheria kulikuja 1922 chini ya Mwingereza. Mzee kama yule, kwao hakukumbuki, mkataba wa uhuru anaupata kwa hisani ya bibi mwenye nyumba. Alichobaki nacho ni kukataa kusema asante. Mimi hilo kwangu si dogo.

Karani wa Mizani

Si dogo. Lakini ndiyo hivyo, kila mtu mle ndani anapewa kitu kidogo ambacho si dogo, mlango hakuna anayeonyeshwa.

Kipara Ngoto

Samahani wadau, mimi swali la kizembe. Maisha yenyewe magumu, mvua imesumbua, salfa ya kupulizia mikorosho bei juu, halafu nitoe hela ninunue kitabu cha kunihuzunisha? Si bora nilale.

Bandari Kavu

Lala mkuu, tutakuamsha kwenye uzi wa Yanga na Simba.

Mwalimu Mstaafu (Mtwara)

Wanangu, nimewasoma wote kuanzia juu. Nimefundisha fasihi miaka mingi, nikastaafu, sasa nasoma ninachotaka.

Mmejadili Yusuf, mmejadili baba yake, mnyapara, sultani, mtunza bustani, fundi magari. Ustadhi amemtaja Zulekha kwa fitina yake tu. Amina ametajwa mara moja na Karani, ameitwa "mke wa Aziz". Hebu tumtazame.

Amina alitekwa akiwa mtoto mdogo. Baba yake Khalil akamwokoa, akamlea kama binti yake. Aziz alipodai deni akachukua wawili, Khalil wa dukani na Amina wa ndani, na Amina alipokua akamwoa. Kwa hiyo mle ndani rehani si wawili, ni watatu, na wa tatu analala chumbani kwa anayemdai. Khalil hawezi kuondoka kwa sababu yake. Yeye mwenyewe anamweleza Yusuf kwamba kama moto wa Jehanamu upo duniani, basi upo mle. Kitabu kinaitwa Peponi! Bustani ile mnayoisifia, yeye ndiye anayeitazama kutokea ndani.

Na Zulekha, Ustadhi, ni mwanamke mwenye kovu usoni anaamini kijana akimwombea dua atapona. Amefungiwa na ugonjwa wake, na aibu yake, na mume anayekwenda safari mwaka mzima. Simtetei kwa alichofanya. Nasema ana habari zake.

Sasa turudi kwenye mwisho unaowakera. Karani, soma tena mistari ya mwishomwisho. Yusuf anasikia nyuma yake mlango wa bustani unafungwa komeo. Ndipo anakimbia. Wewe umekasirika kwamba amewakimbilia askari. Mimi nimekasirika kwamba miguu ya kukimbilia anayo yeye tu. Amina amefungiwa upande wa pili wa komeo, na msomaji naye anamfuata Yusuf barabarani, anasahau kuna mtu kaachwa. Nimekuwa na madaftari ya mahudhurio mkononi mwangu, jina la msichana linaitwa Jumatatu, linaitwa Jumanne, wiki ya pili darasa linajibu kwa pamoja "ameolewa, mwalimu", na tunaendelea na somo. Gurnah ametuendeleza na somo. Kama amefanya kwa makusudi ni fundi mkubwa. Kama hakukusudia, nina ugomvi naye. Na mimi baada ya kusoma mara mbili bado sijaamua ni lipi.

Ustadhi wa Mikindani

Mwalimu, shikamoo. Nimekuelewa. Ila hata katika Sura yule mwanamke baadaye anakiri ukweli hadharani, anasema yeye ndiye aliyemtamani na Yusuf ni mkweli. Anapewa nafasi ya kusema. Hapa Bibi anasema maneno yake chumbani giza, hakuna wa kumsikia. Ndiyo hiyo rehema ninayoidai mimi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hapo tuko pamoja.

Mchukuzi wa Ruvuma

Nimeingia mwishoni. Kama mnataka kujua kijana anayekimbilia kwa askari anapata nini, Gurnah aliandika riwaya nyingine, Afterlives, ya mwaka 2020. Mhusika anaitwa Hamza. Si Yusuf, lakini naye alitolewa kwa tajiri kwa deni la baba, naye akakimbia akajiandikisha askari. Vita yote iko mle, mpaka sajini mmoja wa Kijerumani anamjeruhi kwa upanga, na yumo pia ofisa mmoja aliyekuwa anamfundisha Kijerumani. Baada ya vita anarudi mji wa pwani anachechemea, anapata kazi, anapata mke, Afiya. Kuna mapenzi mle ndani, mapenzi ya kweli, yanayofika. Karani naona utakipenda, ingawa kuna mtu mwingine, Ilyas, naye aliwafuata askari kwa kuwapenda Wajerumani, na habari zake zinaishia kwenye kambi ya mateso ya Hitler huko Ujerumani. Kwa hiyo usijipe moyo sana.

Mimi nilikisoma kwa Kiingereza, polepole, na kamusi.

Karani wa Mizani

Mchukuzi, asante sana. Kwa hiyo ilimchukua mzee miaka ishirini na sita kurudi kuulizia kijana aliyekimbia. Nimefarijika kidogo, kumbe naye alikuwa hajamaliza.

Mwalimu, shikamoo. Nimekwenda kusoma tena kuanzia pale Amina anapoeleza maisha yake. Komeo lipo kweli, nililipita mbio kama Yusuf mwenyewe. Lakini sikubali yote. Ukisema Gurnah ametusahaulisha Amina, mbona wewe hukumsahau? Mimi naona tatizo langu liko palepale: hakuna mle aliyenyanyua mkono. Chatu alinyanyua, akashushwa. Nilitaka mmoja tu. Umatumbi walinyanyua mikono mbele ya risasi, miaka michache tu kabla ya habari hizi, na kitabu kinapita pembeni. Ningependa kusoma riwaya ya huko, ya kiwango hiki, iliyoandikwa na mtu wa Kilwa au Liwale.

Mwana wa Newala

Andika wewe basi. Msimu ukiisha mizani inapumzika.

Karani wa Mizani

Hahaha. Acha kunitwisha. Bandari Kavu, kama bado unakitaka kitabu, nikipakie kwenye basi la asubuhi? Unalipia nauli huko, na ukimaliza unampa Kipara Ngoto kwa lazima.

Kipara Ngoto

Nimesema nalala.

Bandari Kavu

Pakia mkuu. Nitakuwa stendi.